Kigari cha Jeshi cha Bati: Pima, Uliza, Kisha Kata



Watoto wa vijiji vyetu ni mafundi. Nenda kijiji chochote cha Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega. Utawakuta watoto wakisukuma magari ya waya na ya bati. Magurudumu yamekatwa kwenye kandambili kuukuu. Usukani ni waya mrefu unaofika kiunoni kwa mtoto. Magari mengine ni malori ya pamba. Mengine ni mabasi. Mengine ni magari ya jeshi.

Ukilitazama gari la namna hiyo kwa makini utaona jambo moja. Bodi yake mara nyingi ni nzuri. Lakini vitu vidogo vidogo havipo, au vipo bila kulingana. Taa ni kubwa kuliko mlango. Kioo cha pembeni hakipo. Tairi la mbele ni kubwa kuliko la nyuma.

Katika somo hili tutajifunza kutengeneza vitu hivyo vidogo kwa mikono yetu. Tutaviita vikorombwezo. Tutavitengeneza kwa vitu vilivyokwisha kutumika: makopo, waya, karatasi na kandambili. Tutatumia mfano wa gari moja la jeshi.

Kazi hii ina maswali mawili. Uyakumbuke tangu mwanzo hadi mwisho:

1. Kipimo chake ni nini?
2. Kitu hiki kilikuwa nini kabla hakijafika mkononi mwangu?

Swali la kwanza linafanya kigari kiwe kizuri. Swali la pili linaokoa maisha ya mtoto.

GARI TUTAKALOLIIGA

Mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu katika eneo la Kagera. Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wanamgambo walikwenda kupigana nao. Malori na mabasi ya raia pia yalichukuliwa kubeba askari na vyakula. Tarehe 11 Aprili 1979, mji wa Kampala ulitekwa. Utawala wa Amin ukaanguka.

Katika vita ile jeshi letu lilitumia gari la kurushia makombora liitwalo BM-21. Watu wengi walilijua kwa jina la Saba Saba, jina lile lile la sikukuu ya tarehe 7 Julai. Gari hilo lilitengenezwa katika nchi ya Umoja wa Kisovyeti. Jeshi la nchi hiyo lilianza kulitumia mwaka 1963. Ni lori aina ya Ural lenye magurudumu 6. Boneti yake iko mbele ya chumba cha dereva. Nyuma yake pamewekwa mitutu 40. Mitutu hiyo imepangwa kwa safu 4, na kila safu ina mitutu 10.

Tunaliiga gari hili kwa sababu vipimo vyake vinajulikana, na kwa sababu lina sehemu ndogo nyingi za kujifunzia. Hatuliigi ili kuwafundisha watoto kupenda vita. Huko Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, yako makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita ile. Mtoto anayecheza na kigari hiki aelezwe habari hiyo pia. Ajue kwamba gari la kweli lilikuwa na watu ndani yake, na kwamba wengine hawakurudi nyumbani.

Kama huitaki silaha nyumbani kwako, tengeneza lori la kawaida la kubebea askari au la kubebea pamba. Njia ni ile ile.

SWALI LA KWANZA: KIPIMO CHAKE NI NINI?

Gari la kweli lina urefu wa mita 7 na sentimita 35. Halitaingia nyumbani. Kwa hiyo tunalipunguza. Lakini lazima tupunguze kila sehemu kwa kiasi kile kile. Tukipunguza bodi sana na taa kidogo, gari litakuwa na macho makubwa kama bundi.

Tutatumia sheria moja tu:

Kila mita 1 ya gari la kweli iwe sentimita 5 za kigari chetu.

Mita 1 ina sentimita 100. Mia moja tukiigawa kwa 5 tunapata 20. Maana yake kigari chetu ni kidogo mara 20 kuliko gari lenyewe. Watu wa ramani huita jambo hili skeli. Skeli yetu ni 1 kwa 20.

Sasa tazama vipimo hivi:

Urefu wa gari: mita 7 na sentimita 35. Kigari: karibu sentimita 37.
Upana wa gari: mita 2 na sentimita 40. Kigari: sentimita 12.
Kimo cha gari: mita 3 na sentimita 9. Kigari: sentimita 15 na nusu.
Urefu wa mtutu: mita 3. Kigari: sentimita 15.
Tundu la mtutu: milimita 122. Kigari: milimita 6.
Kimo cha tairi: mita 1 na robo hivi. Kigari: sentimita 6.

Je, sehemu nyingine utazipimaje? Usiende kupima magari ya jeshi. Usisogelee kambi wala kupiga picha huko. Kambi za jeshi ni mahali palipozuiliwa. Hakuna haja ya kufanya hivyo. Malori ya pamba yanakuja mpaka kwenye chama chetu cha msingi. Malori mengine yanapita kila siku katika barabara ya Lamadi hadi Bariadi. Lori likiwa limesimama, mwombe dereva ruhusa. Pima kioo chake cha pembeni, taa yake, kikanyagio chake na mlango wake. Lori la jeshi na lori la pamba hubeba mtu yule yule. Mlango, ngazi na kioo haviwezi kutofautiana sana.

Ukishapima kwa sentimita, gawa kwa 20. Kwa mfano, kioo kina urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 20. Arobaini gawa kwa 20 ni 2. Ishirini gawa kwa 20 ni 1. Kwa hiyo kioo cha kigari ni sentimita 2 kwa sentimita 1. Andika kwenye daftari lako. Usitegemee kichwa.

Unaweza pia kugeuza hesabu ili kujua kama kitu kinafaa. Watoto wengi hutumia kizibo cha soda kuwa taa. Kizibo kina upana wa sentimita 3 hivi. Tatu mara 20 ni 60. Je, umewahi kuona lori lenye taa ya sentimita 60? Hiyo ni taa yenye upana wa ungo! Taa ya lori ina upana wa sentimita 20 hivi. Ishirini gawa kwa 20 ni 1. Basi tafuta kitu cha mviringo chenye upana wa sentimita 1. Kifungo cha shati kinatosha.

Hata nchi nyingine hufanya kazi hii. Huko Japani kuna kiwanda kiitwacho Tamiya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kimekuwa kikiuza vifaru vidogo vya plastiki kwa skeli ya 1 kwa 35. Watu wazima hununua sanduku lenye vipande na kuviunganisha. Lakini mafundi hodari hawaridhiki na vipande vya sandukuni. Huongeza vyao wenyewe kwa waya, bati na karatasi. Jambo wanalolifanya wao kwa kupenda, watoto wetu wanalifanya tangu zamani kwa kukosa sanduku.

SWALI LA PILI: KITU HIKI KILIKUWA NINI?

Kabla ya kukata kopo lolote, simama kwanza. Uliza: lilibeba nini?

Sisi ni wakulima wa pamba. Kila msimu tunapulizia dawa za kuua wadudu. Makopo na chupa za dawa hubaki. Ni imara na zina umbo zuri. Mtoto akiona kopo la namna hiyo hulipenda. Lakini dawa inayoua mdudu ni sumu kwa mtu pia. Sumu hubaki kwenye mikunjo ya kopo, hata kama limekauka na halinuki. Mtoto hulishika, kisha hula kwa mkono ule ule. Au huweka kipande mdomoni.

Kuosha hakutoshi. Wataalamu wa kilimo wanatufundisha kusuuza chupa ya dawa mara 3 na kumimina maji hayo ndani ya bomba la kupulizia. Baada ya hapo chupa hutobolewa ili isitumike tena. Lakini hata baada ya kusuuza mara 3, chupa hiyo haifai kwa maji ya kunywa, kwa mafuta ya kula, wala kwa vitu vya kuchezea. Usiichome moto. Muulize Afisa Ugani wa kata yako mahali pa kuirudisha.

Utalijuaje kopo la dawa? Soma karatasi iliyobandikwa. Sasa unajua kusoma. Hapa ndipo kusoma kunapokusaidia. Tafuta maneno kama SUMU au HATARI. Tafuta picha ya fuvu la kichwa. Mara nyingi sehemu ya chini ya karatasi hiyo huwa na mstari wa rangi nyekundu, ya njano, ya bluu au ya kijani. Nyekundu ni sumu kali zaidi. Lakini hata kijani si ruhusa ya kuchezea. Kama karatasi imetoka na hujui kopo lilibeba nini, liache.

Mtoto aliyeguswa na sumu huweza kutapika, kutokwa na jasho au mate mengi, kutetemeka, au kupumua kwa shida. Mwondoe mahali pale. Mvue nguo zilizochafuka. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Mpeleke zahanati mara moja. Chukua pia karatasi ya dawa ile ili mganga aisome.

Si makopo ya dawa tu. Vitu hivi pia usivitumie:

Betri za gari na vipande vyake. Ndani yake mna tindikali na madini ya risasi. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto polepole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kisicho na madhara.

Betri za tochi. Watoto huzipasua ili wapate unga mweusi wa kupaka. Usiwaruhusu.

Rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo ya zamani. Baadhi yake zina madini yale yale ya risasi.

Matawi ya mnyaa wa uani. Ni laini kuchonga, lakini utomvu wake huunguza macho.

Miti ya pamba iliyokauka. Hii haina sumu. Lakini baada ya mavuno inapaswa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Usiiweke nyumbani kwa ajili ya kuchongea.

Chuma usichokijua. Hili ni kubwa kuliko yote. Mwezi wa Novemba 2017, katika shule moja ya msingi Wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka. Wanafunzi 5 walikufa na wengine wengi waliumia. Ukiona chuma cha umbo la ajabu, usikiguse, usikigonge, usikitupie jiwe. Waondoe watoto. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Je, ni makopo gani yanafaa? Kopo la majarini, la maziwa ya unga, la nyanya na la mafuta ya kupikia yanafaa. Yaoshe kwa maji moto na sabuni, kisha yaanike.

VIFAA

Tafuta vifaa hivi: rula, penseli, mkasi wa bati, koleo, nyundo ndogo, tupa, wembe, waya mwembamba wa kufungia, msumari mmoja wa inchi 6, ubao wa kugongea, daftari la zamani lililojaa, kandambili kuukuu, na uji mzito wa unga wa muhogo. Uji huo ndio gundi yetu.

Bati lililokatwa lina makali. Watu wazima wakate. Watoto wapime na kuunganisha. Vaa viatu. Kila ukikata, piga tupa ukingoni au kunja ukingo kwa koleo kiasi cha milimita 2. Mtu akikatwa na bati, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati. Pepopunda huingia kwa njia ya vidonda vya namna hiyo.

TUANZE KAZI

Tunadhani bodi ya kigari chako iko tayari: urefu sentimita 37, upana sentimita 12. Sasa tuongeze vikorombwezo.

Mitutu 40

Tazama msumari wa inchi 6. Urefu wake ni sentimita 15. Unene wake ni karibu milimita 6. Hivyo ndivyo vipimo vya mtutu wetu hasa! Msumari huu ndio kalibu yetu.

1. Chana karatasi kutoka daftari la zamani. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 6.
2. Paka msumari mafuta kidogo ya kupikia.
3. Zungusha karatasi kwenye msumari. Mzunguko wa kwanza usipake uji. Mizunguko miwili inayofuata paka uji.
4. Vuta karatasi itokee upande wa ncha. Upande wa kichwa hautapita.
5. Weka kivulini ikauke.

Karatasi moja ya daftari inatoa vipande 3. Unahitaji vipande 40. Je, utachana karatasi ngapi? Arobaini gawa kwa 3 ni 13, inabaki 1. Kwa hiyo chana karatasi 14.

Mitutu ikikauka, panga 10 kwenye ubao ulionyooka na uiunganishe kwa uji. Fanya hivyo mara 4. Kisha weka safu juu ya safu. Funga mkanda mwembamba wa bati mbele na nyuma. Upana wote utakuwa kama sentimita 7. Unatosha juu ya bodi ya sentimita 12, na nafasi inabaki pande zote mbili.

Matairi

Chora duara lenye upana wa sentimita 6 kwenye kandambili. Kata kwa wembe polepole. Fanya hivyo mara 6. Yote yalingane. Yaweke pamoja kama sarafu na uyaangalie kwa pembeni. Lililozidi lipunguze kwa tupa. Kata mifereji midogo ukingoni kwa wembe, kila baada ya nusu sentimita. Usitumie waya wa moto, maana moshi wa mpira ni mbaya kifuani.

Taa

Chukua vifungo 2 vya shati vyenye upana wa sentimita 1. Kata utepe wa bati wa upana wa milimita 4. Uzungushe kifungo kwa utepe huo ili kikae ndani kama kioo cha taa. Toboa matundu mawili mbele ya gari. Pitisha waya kwenye vitundu vya kifungo na ukaze kwa nyuma.

Vioo vya pembeni

Kata bati la sentimita 2 kwa 1. Upande wa ndani wa kopo hung'aa. Huo ndio uwe kioo. Kunja kingo zote. Chuma cha kushikia kioo cha lori kina unene wa sentimita 2 hivi. Kwa hiyo waya wa milimita 1 unafaa. Usitumie waya mnene wa uzio. Utaonekana kama gogo.

Dumu la mafuta

Dumu la chuma la jeshi la lita 20 lina kimo cha sentimita 47 hivi, upana wa sentimita 35 na unene wa sentimita 17. Gawa kila kipimo kwa 20. Utapata kimo cha sentimita 2 na zaidi kidogo, upana usiofika sentimita 2, na unene usiofika sentimita 1. Chonga kipande cha kandambili kwa vipimo hivyo. Vishikio vyake viwe vya waya. Lifunge pembeni mwa bodi kwa utepe wa bati.

Vichwa vya ribiti

Gari la kweli limeunganishwa kwa ribiti na bolti. Usibandike. Geuza bati, weka juu ya ubao, na gonga kidogo kwa msumari butu. Usitoboe. Upande wa pili patatokea kinundu kidogo. Chora mstari kwa rula kwanza, kisha gonga kila baada ya sentimita 1. Mistari ikienda kombo, kazi yote huharibika. Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kukunja bati.

Kamba ya kuvutia

Kamba nene ya sentimita 2 katika gari la kweli ni milimita 1 katika kigari. Sokota nyuzi chache za katani. Izungushe vizuri na uitundike nyuma.

RANGI

Usikimbilie dukani. Chukua udongo wa njano, ule unaopakwa ukutani. Uponde na uuchekeche. Chukua pia masizi kidogo ya sufuria. Changanya na uji mwepesi. Je, unajua? Njano ikichanganywa na nyeusi kidogo hutoa kijani kilichofifia, na hiyo ndiyo rangi ya magari ya jeshi. Anza na masizi machache sana. Ukizidisha, rangi itakuwa nyeusi na hutaweza kuirudisha.

Rangi hii haivumilii mvua. Kigari kihifadhiwe ndani.

MPIME MTU WA KIJITI

Kazi ikiisha, fanya jaribio hili. Mtu wa mita 1 na sentimita 70 akipunguzwa mara 20 anakuwa na kimo cha sentimita 8 na nusu. Kata kijiti cha urefu huo. Kisimamishe kando ya mlango wa kigari.

Je, mtu huyu anaweza kuingia mlangoni? Je, akiinua mguu anafika kwenye kikanyagio? Je, akikaa kwenye usukani anaiona taa ya mbele, au boneti imemziba? Je, anaweza kulibeba lile dumu, au dumu linamfika kifuani?

Mtu wa kijiti hadanganyi. Akishindwa kuingia garini, rudi kwenye daftari lako. Tafuta hesabu iliyokosewa, urekebishe kipande hicho.

Kigari hiki kina vipande vidogo. Usimpe mtoto wa chini ya miaka 3. Anaweza kumeza kifungo na kikamsonga.

KUNA FAIDA GANI?

Huenda utasema, mtu mzima ana nini na vigari? Fikiri. Ukiweza kupunguza lori mara 20, unaweza pia kusoma ramani ya nyumba. Fundi akikuonyesha karatasi na kusema chumba ni sentimita 6 kwa skeli ya 1 kwa 50, utazidisha mwenyewe na kujua kwamba ni mita 3. Hatakudanganya. Ukikuta ramani ya skeli ya 1 kwa 50,000, utajua kwamba sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ya ardhi. Mambo ya mipaka ya mashamba na ya vijiji huamuliwa kwa karatasi za namna hiyo.

Na kigari kizuri huuzika mnadani. Mnunuzi akiona taa inalingana na mlango, anajua fundi amepima.

Lakini faida kubwa ni ya nyumbani. Mtoto aliyezoea kuuliza "kopo hili lilibeba nini?" hatachota maji kwa chupa ya dawa ya pamba. Hatapasua betri. Hatagonga chuma asichokijua. Atakuja kwanza kukuuliza wewe. Nawe, kwa kuwa sasa unajua kusoma, utachukua kopo lile, utaisoma karatasi yake, na utamjibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Tulipunguza gari mara ngapi? Mita 2 za gari la kweli ni sentimita ngapi za kigari?
2. Kwa nini kizibo cha soda hakifai kuwa taa ya kigari hiki?
3. Mlango wa lori una kimo cha sentimita 140. Mlango wa kigari uwe na kimo gani?
4. Taja vitu 4 ambavyo mtoto asivitumie kutengenezea vitu vya kuchezea. Eleza sababu ya kila kimoja.
5. Hapa kijijini kwetu, chupa za dawa ya pamba hutupwa wapi baada ya kupulizia? Tufanye nini ili watoto wasizifikie?

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni zunguka nyumba yako pamoja na watoto. Kusanyeni makopo yote matupu. Someni maandishi ya kila kopo. Yapangeni mafungu mawili: yanayofaa na yasiyofaa. Fungu la pili liwekeni mahali pa juu palipofungwa. Kesho lete darasani orodha uliyoiandika kwa mkono wako.